Huoxiang Zhengqi: dawa ya Kichina ya mafua na tumbo iliyoniinua Guangzhou, ikamlaza shemeji yangu Dar

#1 Mzee wa Kontena

Wakuu, habari za saa hizi.

Kuna vichupa vya kahawia, mililita 10 kimoja, kumi ndani ya boksi. Siku hizi vimejaa kwenye mabegi ya watu wanaotoka China, na kila aliye navyo ana maelezo yake. Huyu anasema dawa ya kikohozi, yule anasema ya tumbo, juzi jamaa mmoja Kariakoo kaniambia kwa uso mkavu kabisa kwamba "inasafisha mwili". Dawa yenyewe inaitwa Huoxiang Zhengqi. Nimeishi nayo miaka sita Guangzhou, imenisaidia, na imemlaza shemeji yangu wodini hapa hapa Dar. Naeleza yote mawili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Wakati huo nilikuwa nafunga mizigo ya vioo vya simu na betri, nimepanga chumba Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, waliofika wanapajua. Joto la Guangzhou la mwezi wa saba si hili letu. Dar ukitoka jasho upepo wa bahari unakuonea huruma. Kule hewa imesimama, kuta zinatoka jasho, shati ulilofua Jumatatu, Jumatano bado bichi. Halafu unaingia soko la simu, kiyoyozi utadhani umefungiwa kwenye jokofu la samaki pale Feri. Nilikuwa naingia na kutoka mara ishirini kwa siku, na katikati nakata kiu kwa tikiti la kwenye barafu.

Siku ya tatu nikaamka pua imeziba, kichwa kizito kama nimevishwa ndoo, kifua kimebana, nakohoa makohozi meupe. Ingeishia hapo ningesema mafua tu. Lakini tumbo nalo likaanza: limejaa, linanguruma, nikatapika mara mbili kabla ya saa nne asubuhi, na chooni sikuhesabu. Malaria nikaiondoa kichwani kwa sababu nilikuwa na miezi minane sijakanyaga nyumbani.

Mama mwenye nyumba tulimwita Ayi, ndivyo wanavyomwita mwanamke wa umri wa mama mdogo. Alinikuta nimeshika ukuta ngazini. Hakuuliza kitu, aliniamuru nitoe ulimi. Akaona utando mweupe mzito, akacheka, akapanda juu, akarudi na boksi. Akatikisa kichupa, akachoma kimrija, akanipa.

Jamani. Fikiria gongo iliyolowekewa mizizi, ikafungiwa ndani ya kabati la nguo la bibi yako mwaka mzima. Inaunguza kuanzia ulimi hadi kitovuni. Akanitengea uji wa mchele usio na sukari wala chumvi, akanipokonya tikiti langu, akanifunika shuka mbili katika joto lile. Jioni kichupa cha pili. Kesho yake saa sita mchana nilikuwa nakula tambi.

Sasa hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa: dawa moja itatibuje mafua na kuhara? Nilimuuliza mzee wa duka la dawa za mizizi jirani na kwetu, yule mwenye kabati la droo ndogo ndogo mpaka darini, Kichina changu cha sokoni kikisaidiwa na simu. Alichonieleza ni hiki. Kwao ule haukuwa ugonjwa wa mapafu wala wa tumbo. Ni unyevu uliokwama ndani, na baridi iliyopiga kutokea nje. Qi, yaani ile nguvu wanayosema inazunguka mwilini, ya tumbo kazi yake ni kushuka, ya bandama kazi yake ni kupanda. Unyevu ukizidi, zinagongana njiani: cha juu unakitapika, cha chini unakiharisha. Na wana msemo kwamba bandama ndiyo inayotengeneza makohozi, mapafu ni ghala tu la kuyatunzia. Kwa hiyo ukikausha tumbo, kifua nacho kinafunguka. Na "bandama" wanayoisema wao si hii inayopimwa hospitali, ni jina la kazi nzima ya kusaga chakula. Zhengqi maana yake kuiweka qi sawa, kuinyoosha. Huoxiang ni jina la mmea unaoongoza.

Aliniandikia orodha na kunionyesha droo kwa droo. Vitu 11, ukiacha tangawizi na tunda jekundu jamii ya kunazi vinavyoongezwa wakati wa kuchemsha. Huoxiang ndiyo nzito kuliko zote, liang 3 kwa kipimo cha zamani, jani lenye harufu kali. Kuna jani la zisu, jamaa ya rehani. Maganda makavu ya machenza. Magome ya magnolia. Kuna fuling, kuvu inayoota kwenye mizizi ya misonobari, ukiikata nyeupe kama chaki. Urukususu, ule mzizi mtamu. Kuna mzizi wa banxia, ambao mbichi ni sumu ya kukufa ganzi koo, kwa hiyo hulowekwa na kupikwa kwa tangawizi na shabu. Na maganda ya popoo ya kuteremsha gesi na kujaa tumbo, ndiyo, popoo hii hii ya tambuu. Niliyasahau majina mengine matatu lakini jinsi alivyoyapima siisahau: mizani ya kushika mkononi, sahani ya shaba, kidole kidogo kimeinuka kama anakunywa chai kwa balozi.

Ni dawa ya zamani hasa. Inatoka kwenye kitabu cha famasia ya serikali ya utawala wa Song. Mwaka 1076 serikali ilifungua duka lake la dawa Kaifeng, mji mkuu wa wakati huo, ikawa inatengeneza dawa zilizo tayari na kuwauzia wananchi. Chukulia MSD, bohari yetu ya dawa ya serikali, ya miaka karibu elfu iliyopita, yenye dirisha la barabarani. Dawa hii ilikuwa ya unga: qian 2 (kipimo kidogo cha zamani) za unga, kikombe kimoja cha maji, vipande 3 vya tangawizi, tunda 1, chemsha mpaka ibaki sehemu 7 kati ya 10, kunywa ya moto, na ukitaka jasho litoke, jifunike. Nilipoisikia hiyo ya kujifunika nikamkumbuka Ayi na shuka zake mbili. Nikakumbuka na nyungu zetu pia.

Unga ule ndio leo umekuwa kichupa. Na hapa ndipo tatizo linapoanzia. Kile kichupa kinachoitwa "shui", yaani maji, si maji. Ni pombe ya asilimia 40 hadi 50. Harufu na uchungu vinaificha, na maandishi yote ni ya Kichina.

Niliporudi nyumbani nilileta maboksi manne ya zawadi. Moja nikampa dada. Miezi miwili baadaye shemeji alikuwa anaharisha, akaenda zahanati, akapewa metro (metronidazole, antibaotiki). Vidonge alivinywa vizuri. Siku ya pili tumbo bado, dada akakumbuka boksi la kaka yake, akampa vichupa viwili kwa mpigo maana "ni miti shamba tu". Haikupita nusu saa uso mwekundu kama nyanya, na yeye ni mweusi kuliko mimi, moyo unakwenda mbio, anatapika, anasema anakufa. Walimkimbiza hospitali, wakamtundikia dripu, wakamwangalia usiku kucha. Akapona. Mimi dada hakuongea nami wiki tatu.

Nilijua kabisa ina pombe. Nilinusa, niliionja, nilitania juu yake. Sikumwambia mtu.

Karibuni.

#2 Dereva Fuso

Mkuu kwa hiyo nikisimamishwa Chalinze nikapuliza kile kidude, naonyesha kichupa? 😂

#3 Mzee wa Kontena

Dereva, unacheka lakini China hilo lipo. Madereva wameshapuliza kipimo baada ya kunywa hii dawa kikasoma pombe, mpaka ikawa maarufu kwenye habari zao. Kule ukifika miligramu 20 kwa mililita 100 za damu una kesi, ukifika 80 ni jinai. Mabaki ya mdomoni huondoka baada ya dakika kadhaa ukisukutua, ndiyo maana askari wao humsubirisha mtu au kumpeleka kupima damu. Wewe ukiwa na safari, usinywe tu.

#4 Mfamasia wa Mtaa

Asante mleta mada kwa kuweka na upande wa pili. Watu huwa wanaleta "ilinisaidia" peke yake.

Kwanza hesabu. Mililita 10 za asilimia 40 hadi 50 ni kama mililita 4 mpaka 5 za pombe tupu. Vichupa viwili ni mililita 8 mpaka 10. Bia ya asilimia 5, ili upate kiasi hicho, unywe kama glasi moja. Shemeji yako alikunywa glasi ya bia kwa sekunde mbili juu ya metro.

Kinachotokea: ini likivunja pombe linapita kwanza kwenye kitu kinachoitwa asetaldehidi, ambacho ni sumu, halafu kimeng'enya kingine kinakigeuza kuwa kitu kisicho na shida. Kuna dawa zinazokifunga kile kimeng'enya cha pili. Sumu inarundikana: uso unawaka, moyo unakimbia, presha inashuka, unatapika. Kwa baadhi ya antibaotiki za kundi la sefalosporini, mfano sefoperazoni, hili halina ubishi. Kwa metro wataalamu bado wanavutana kama ndivyo inavyofanya kazi, lakini karatasi ya dawa inakataza pombe, na mimi dirishani nasema hivyo hivyo: hakuna pombe ukiwa kwenye dozi, na subiri siku 2 hadi 3 baada ya kidonge cha mwisho. Sijawahi kumuuliza mteja kama ana dawa ya Kichina nyumbani. Kuanzia leo nitauliza.

Pili, urukususu. Ukitumia kwa wingi na kwa muda mrefu unashusha potasiamu na kupandisha presha. Vichupa viwili vya mafua si tatizo, lakini kuna watu wanavinywa kila siku "kulinda tumbo". Mwenye presha, mwenye moyo, anayetumia vidonge vya kukojoza maji, akae mbali. Mjamzito naye, na mtoto msimpe kabisa hii ya pombe.

Tatu, banxia. Mleta mada kasema hupikwa kuondoa sumu. Kwa dawa ya kuchemsha ni kweli. Ile ya kichupa, kwa mwongozo rasmi wa China, inatumia banxia mbichi iliyokamuliwa kiwandani. Kiwanda kinachofuata taratibu kinajua kinachofanya. Mtu anayejifungashia uani hajui.

Na la mwisho, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Kwao huyu Ayi aliangalia ulimi, mgonjwa hajakanyaga Afrika miezi minane, sawa. Hapa kwetu ukiwa na homa, kichwa, kutapika na kuhara, kitu cha kwanza ni kipimo cha malaria. Na kama kuhara ni maji matupu kama yaliyooshewa mchele, ni kipindupindu mpaka ithibitike vinginevyo. Hapo ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari, paketi moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, na kukimbia kituoni. Mtoto aongezewe zinki siku 10 hadi 14. Kinachoua kwenye kuhara ni maji kuisha mwilini, na hakuna gome la magnolia linalorudisha maji.

#5 Mzee wa Kontena

Mfamasia, umenikumbusha kitu. Yule mzee wa droo alisema dawa hii zamani ilitajwa kwa ugonjwa wa "huoluan", kutapika na kuharisha kwa fujo. Leo neno hilo hilo ndilo Wachina wanalotumia kwa kipindupindu. Mtu akitafsiri kwa simu atasoma kwamba inatibu kipindupindu, kumbe neno limehama maana. Nimeona tangazo moja la Kiswahili lililofanya kosa hilo hilo.

#6 Ummu Salha

Assalam alaykum. Nauliza kutoka Unguja. Mume wangu alipewa boksi la namna hiyo na mwenzake wa kazini, nasi hatutumii ulevi hata kwa dawa ikiwa kuna badala yake. Ipo isiyo na pombe? Na nitaijuaje na mimi sisomi Kichina?

#7 Mzee wa Kontena

Waalaykum salaam dada. Ipo. Kuna ya maji inayoitwa "koufuye", hiyo haina pombe na hata ukali wake ni wa kibinadamu. Kuna vidonge laini vya mafuta, kuna kapsuli, na kuna vidonge vidogo kama punje za mtama. Kwenye boksi mwishoni mwa jina angalia alama. Ile ya pombe inaishia na herufi moja tu 水, inafanana na mtu aliyesimama amepanua mikono na miguu. Ukiiona hiyo, rudisha. Koufuye ina herufi tatu, ya kwanza ni mraba mtupu 口.

#8 Ummu Salha

Nimeitazama. Ni yule mtu aliyepanua mikono. Allah akulipe.

#9 Mbishi Hodari

Mimi naomba nitofautiane. Mafua ya tumbo yanaisha yenyewe siku mbili tatu. Ungekunywa maji ya bomba la Ayi ungepona vile vile kesho yake saa sita ukala tambi zako. Alikupa uji, akakupokonya tikiti baridi, akakulaza. Dawa ilifanya nini hapo? Miaka elfu si ushahidi. Kutoa damu kwa chuku pia ni kwa miaka elfu.

#10 Mzee wa Kontena

Sina ubishi mkubwa na wewe. Sikuwa na mimi mwingine wa kumnyima dawa ili nilinganishe. Nachojua ni kwamba kutapika kulikoma ndani ya saa moja, na nilikuwa nimeshatapika mara mbili asubuhi hiyo. Inawezekana ni tangawizi, inawezekana ni pombe iliyonilaza usingizi, inawezekana ndiyo ulikuwa mwisho wake.

#11 Mfamasia wa Mtaa

Mbishi yuko nusu sahihi. Tafiti za dawa hii zipo nyingi, karibu zote za China, nyingi ndogo na hazikufungwa vizuri: mgonjwa anajua anachokunywa, daktari anajua anachotoa. Ukisoma unaona matokeo mazuri ambayo huwezi kuyaegemea. Vitu vyake kimoja kimoja vina kazi inayojulikana maabara, na tangawizi kwa kichefuchefu ina ushahidi wa maana. Lakini mchanganyiko mzima kwenye kichupa ni swali jingine.

Na kabla hajaja mtu kusema "mbona mseto wa malaria umetoka kwa Wachina": ndiyo, Tu Youyou, mwanasayansi wa China, alipata Nobel mwaka 2015. Kitabu cha kale cha tabibu Ge Hong kilisema loweka majani ya qinghao (artemisia) kwenye maji, kamua, kunywa. Hakikusema chemsha, na hapo ndipo yeye alipopata wazo la kukwepa moto mkali. Baada ya hapo akaitenga molekuli moja, ikapimwa kwa wagonjwa, ikajulikana dozi. ALU, huo mseto unaopewa zahanati, si chai ya qinghao. Huoxiang haijapita njia hiyo.

#12 Kijana wa Tandale

Lakini dawa za asili hazina kemikali ndugu zangu, ndio maana hazina madhara. Hospitali ndio wanatuua na makemikali.

#13 Mfamasia wa Mtaa

Kijana, Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki ya kupunguza unene iliwapa wanawake kapsuli zenye mizizi ya Kichina. Mzizi uliotakiwa na mzizi uliowekwa majina yao yanafanana kwa Kichina, yote yanaishia na "fangji". Uliowekwa ni wa jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 figo ziliharibika, wengine wakaja kupata saratani ya njia ya mkojo. Sumu iliyoharibu figo ilitoka kwenye mzizi wenyewe. Sumu ya banxia nayo ni ya asili. Ya nyoka pia.

#14 Kijana wa Tandale

Duh. Sawa.

#15 Mwanafunzi wa Zamani Wuhan

Nilikuwa Wuhan mji ulipofungwa tarehe 23 Januari 2020 mpaka ulipofunguliwa tarehe 8 Aprili. Mwongozo wa serikali yao wa matibabu ya korona uliitaja Huoxiang Zhengqi kwa jina, na baada ya hapo maduka ya dawa mtandaoni yalifyekwa. Mimi nilikuwa na kapsuli kwenye droo mpaka mwezi wa sita.

Naomba nisahihishe kitu ambacho kilizunguka sana WhatsApp za nyumbani wakati ule. Mwongozo haukusema inatibu korona. Ilikuwa kwa mtu aliye kwenye kipindi cha kuangaliwa, ambaye hajathibitika, akiwa na uchovu pamoja na tumbo kuvurugika. Aliyekuwa na uchovu na homa alitajiwa dawa nyingine kabisa. Mama yangu alinipigia kutoka Mbeya akaniambia "kunywa ile dawa ya korona". Nikamwambia mama, mimi sina korona wala tumbo haliumi, nina njaa tu.

#16 Bwana Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi hilo la maganda ya popoo limenigusa. Nyanya yangu alikuwa akila tambuu tangu nimjue, popoo, chokaa, katu, na alipokuwa ameshiba kupita kiasi alikuwa akisema popoo "yateremsha". Sasa naona mleta uzi asema Wachina watumia ganda lake kuteremsha gesi na kujaa tumbo. Hakuwahi kutoka Mji wa Kale huyu nyanya, achilia mbali China. Nashangaa tu.

Ila tusisahau popoo yenyewe ya kutafuna ni jambo jengine, yaleta saratani ya mdomo, hilo madaktari wamelisema wazi. Ganda si kokwa.

#17 Ummu Salha

Mimi nimerudi na langu. Mume wangu alikuwa atupe lile boksi, nikamwambia ngoja ninuse kwanza. Nimetoboa kichupa kimoja. Wallahi nimenusa kikuba! Nikasema hii harufu naijua, nikakaa nayo robo saa mpaka ikanijia: ni mpachori. Ule ule tunaochanganya na asumini na rehani kwenye kikuba cha bibi harusi, na zamani bibi yetu akiuweka kwenye kasha la nguo kufukuza nondo. Nikaenda kutafuta hiyo huoxiang kwenye simu nikaona picha. Ndugu Mzee wa Kontena, huoxiang ya Guangdong ni mpachori!

Wewe uliyesema inanuka kabati la bibi yako, hukukosea hata kidogo 😂

#18 Mzee wa Kontena

Dada umenimaliza. Miaka sita nanusa mpachori sijui kama ni mpachori.

Na sasa ngoja nikwambie kitu kingine. Mzee wa droo alikuwa akisema huoxiang bora kuliko zote ilikuwa ikilimwa Shipai. Nikadhani ni milimani huko mbali. Shipai ni pale pale mjini Guangzhou! Kile kijiji kilichomezwa na maghorofa, jirani na masoko ya kompyuta, vichochoro vyembamba mpaka nyumba zinashikana mikono juu. Wafanyabiashara wa vifaa wote tumepita pale. Mashamba yamekwisha, siku hizi inatoka Zhanjiang na Hainan na kwingineko. Nimenunua chaja elfu ngapi juu ya shamba la zamani la mpachori, Mungu ndiye anajua.

#19 Dereva Fuso

Kwa hiyo bibi harusi wa Zanzibar na dawa ya kuharisha ya Mchina ni kitu kimoja. Huu uzi umekuwa mtamu ghafla.

#20 Ummu Salha

Dereva una adabu ndogo wewe. Jani moja lina kazi nyingi. Karafuu unatia kwenye pilau, unatia kwenye jino.

Tena hapa kwetu Wachina si wageni. Madaktari wao wa kutoka Jiangsu wamo hospitali ya Mnazi Mmoja tangu 1964, mama yangu alichomwa sindano zao za goti akatembea. Lakini kila akienda waliuliza kwanza, mama unatumia dawa gani nyengine? Hicho ndicho kilichokosekana kwa shemeji yake kaka yetu.

#21 Mfanyabiashara Mpya

Wakuu, bei ya boksi kule China ni shilingi ngapi na hapa mtu anaweza kuuza ngapi? Mzee wa Kontena nicheki inbox, nina mtu anakuja mwezi ujao.

#22 Mzee wa Kontena

Mimi nililipa yuan 12 boksi, na siuzi, na sitakucheki. Kuingiza dawa nchini bila kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa, ni kesi, na dawa za asili zina baraza lake linalozisajili. Ukitaka kuuza kitu cha Guangdong leta maganda ya machenza ya Xinhui. Kule ganda lisipofikisha miaka 3 ghalani halina heshima ya kuitwa chenpi, na ya miaka 20 bei yake utakaa chini. Ganda la chenza ndilo linaloingia kwenye hii dawa, na pia wanatia kwenye chai na kwenye supu ya bata. Nimewahi kukausha ya kwetu nikatia kwenye chai ya tangawizi wakati nimebanwa kifua. Sijui kama inatibu kitu, lakini ni tamu na haina pombe.

#23 Ummu Salha

Kaka, unalikaushaje? Maana machenza hapa hatuna shida nayo.

#24 Mzee wa Kontena

Wao wanakata ganda vipande vitatu vilivyoshikana chini, kama ua. Wanaligeuza nje ndani likinywea, wanalianika juani mpaka livunjike ukilikunja, halafu kwenye gunia mahali pakavu penye hewa. Kila mwaka kiangazi kikifika wanalitoa tena juani. Kwa unyevu wa pwani jihadhari na ukungu, likiota ukungu tupa, usijaribu kulipangusa.

#25 Ummu Salha

Nilianika kumi na mbili uani jana asubuhi kwenye ungo. Mbuzi wa jirani kala tisa. Nitakujulisha hali yake.